Aliyeshindwa kwenye mchujo ana deni gani kwa chama chake?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi na kaka yangu tunafuatilia sana siasa za Marekani, na safari hii tumebishana mpaka tukanuniana. Yeye anasema Hillary Clinton alikiumiza chama mwaka 2008 kwa kung'ang'ania hadi Juni wakati hesabu ilishamkataa tangu Machi, na Bernie Sanders akarudia kosa hilohilo mwaka 2016, ndipo Trump akapata upenyo. Kila nikifungua mdomo ananirushia methali: asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi nasema mgombea ana haki ya kumaliza mbio alizozianza. Nani kati yetu yuko sahihi? Kuna sheria inayomlazimisha aliyeshindwa amuunge mkono mwenzake? Na mbona hawasemi "nimejitoa", kila mmoja anasema "nasitisha kampeni"?

Jibu: Marahaba. Methali ya kaka yako siigusi, ni ya kweli. Ushahidi wake ndio una matundu. Na wewe pia usichekelee mapema, kwa sababu hiyo "haki ya kumaliza mbio" ina mpaka, na mpaka huo ndio kiini cha ubishi wenu.

Nadhani mmekwama kwa kuwa mnalitumia neno moja kwa mambo matatu. Mgombea anaposemwa "amekubali kushindwa", huenda ameacha kutafuta kura. Huenda ametamka mbele ya watu kwamba mwenzake ameshinda kihalali. Au huenda ameanza kumfanyia kazi huyo mwenzake. Mara nyingine yote matatu hufanyika kwa hotuba moja, mara nyingine yanapishana kwa miezi, na wapo ambao hawakufika kabisa kwenye la tatu. Kaka yako analaumu kuchelewa kwa jambo la kwanza. Mimi kila nikizipitia chaguzi hizi naona uharibifu mkubwa unatokea kwenye la pili.

Tuanze na 2008, maana ndiyo iliyowagombanisha, na kusema kweli ndiyo inayonoga.

Kwenye mchujo, yaani chaguzi za jimbo kwa jimbo za kumpata mgombea wa chama, chama cha Democratic hugawa kwa uwiano wajumbe wa mkutano mkuu, wale wanaomteua mgombea huyo. Ukifikisha asilimia 15 ya kura unapata fungu lako. Kanuni hiyo ina tabia ya ajabu: aliyetangulia kidogo ni vigumu kumkamata, na aliyebaki nyuma kidogo ni vigumu kumtupa nje. Tarehe 5 Februari 2008, siku ya Jumanne Kuu, majimbo mengi yanapopiga kura kwa pamoja, Clinton alishinda New Jersey, jimbo lenye watu wengi, akajiongezea wajumbe 11 zaidi ya mpinzani wake, Barack Obama. Usiku huohuo Obama akashinda Idaho, jimbo dogo ambalo wenzake hawakulijali, kwa mikutano ya wanachama badala ya sanduku la kura, akapata wajumbe 12 zaidi ya Clinton. Yaani Idaho ilifuta New Jersey na chenji ikabaki. Baada ya hapo Obama akashinda mara 11 mfululizo. Ilipofika Machi, pengo la wajumbe wa kuchaguliwa lilikuwa haliwezi kuzibwa kwa ushindi wa kawaida. Hapo kaka yako yuko sahihi kabisa.

Lakini kulikuwa na kundi jingine: viongozi na wakuu wa chama, karibu 800, waliokuwa na kura kwenye mkutano mkuu bila kufungwa na matokeo ya jimbo lolote. Hawa waliweza kubadili mawazo hadi dakika ya mwisho, na bila wao hakuna kati ya wawili hao ambaye angefikisha idadi iliyotakiwa. Kwa hiyo ukisema "hesabu ilishamkataa", umehesabu nusu ya daftari. Clinton alikuwa akiwaambia wakuu hao kwamba yeye ndiye anayeweza kushinda majimbo magumu ya Novemba, na wapiga kura wakawa wanampa hoja. Alishinda Pennsylvania tarehe 22 Aprili. Alishinda West Virginia tarehe 13 Mei kwa tofauti ya pointi 41. Wiki moja baadaye akashinda Kentucky kwa tofauti ya pointi 35. Hebu mwambie kaka yako ajiweke kwenye viatu vya mshauri wa kampeni: unamfuata vipi mtu aliyeshinda jana kwa pointi 41 ukamwambia afungashe aende nyumbani?

Kuna jambo jingine ambalo wanaolalamikia mbio ndefu hulisahau. Kwa sababu mbio hazikuisha mapema, Obama alilazimika kufungua ofisi, kuandikisha wapiga kura na kuajiri vijana katika majimbo ambayo mgombea wa Democratic kwa kawaida huyapita kwa ndege. Indiana na North Carolina zilipiga kura za mchujo tarehe 6 Mei. Laiti Clinton angejitoa Machi, nani angehangaika huko? Novemba Obama alizishinda zote mbili. Indiana ilikuwa haijampa kura mgombea urais wa Democratic tangu 1964, North Carolina tangu 1976. Sisemi ni mchujo pekee uliofanya hivyo. Uchumi ulikuwa unaporomoka na rais aliyekuwapo alikuwa amechokwa. Ila mtu akidai mbio ndefu zilimdhoofisha Obama, anieleze Indiana.

Sasa twende penye hatari halisi. Florida na Michigan zilipiga kura mapema kuliko ratiba ya chama ilivyoruhusu, na kwa adhabu zikanyang'anywa wajumbe wao wote. Michigan jina la Obama halikuwamo hata kwenye karatasi ya kura, alikuwa ameliondoa. Clinton alishinda kote kuwili, na msimu ulipoelekea ukingoni kambi yake ikaanza kudai kura hizo zihesabiwe. Tarehe 31 Mei kamati ya kanuni ya chama ilikaa hotelini Washington, watu wakipiga kelele ukumbini, ikaamua majimbo hayo yarudishiwe wajumbe lakini kila mjumbe awe na nusu kura. Wajumbe wa Michigan wakagawanywa 69 kwa Clinton na 59 kwa Obama, ambaye hakuwa amepigiwa kura hata moja kwa jina lake. Msaidizi mkuu wa Clinton ndani ya kamati akasema waziwazi kwamba mgombea wake anahifadhi haki ya kulipeleka jambo hilo mbele ya kamati nyingine ya mkutano mkuu, mwezi Agosti.

Hapo ndipo mlango wa fujo ulipokuwa wazi. Clinton alikuwa na wafuasi wapatao milioni 18, wengi wao wanawake waliohisi kwamba vyombo vya habari vimemkejeli kwa sababu ya jinsia yake. Alikuwa na malalamiko ambayo yangeeleweka kwa mtu yeyote: kura za majimbo mawili zimekatwa nusu. Na alikuwa na karibu miezi mitatu ya kuyatumia kabla ya mkutano mkuu wa Denver. Kundi la wafuasi wake walioapa kutompigia Obama kamwe lilishaanza kuchipuka.

Tarehe 3 Juni majimbo mawili ya mwisho yalipiga kura. Clinton akashinda South Dakota, Obama akashinda Montana na kuvuka wajumbe 2,118, idadi iliyotakiwa. Usiku ule, mjini New York, Clinton alitambulishwa jukwaani kama rais ajaye wa Marekani. Akahutubia bila kukiri kushindwa, akasema hatafanya uamuzi wowote usiku huo. Wakubwa wa chama walikasirika, na kama kaka yako angekuwa anazungumzia usiku ule peke yake, ningemuunga mkono kwa mikono miwili. Ilikuwa hotuba mbaya, ya mtu ambaye hajalala.

Siku nne baadaye, tarehe 7 Juni, alisimama katika jumba la makumbusho Washington na kufanya mambo yote matatu kwa pigo moja. Alisitisha kampeni, akampongeza Obama kwa ushindi na kwa namna alivyouendesha mchuano, na akawaomba watu wake waelekeze nguvu zao kwake. Akawaambia kwamba dari la kioo linalowazuia wanawake wasipande halijavunjika safari hii, lakini limepata nyufa milioni 18. Sikiliza jinsi alivyolipanga: zile kura hazikugeuzwa kuwa ushahidi wa dhuluma, ziligeuzwa kuwa kazi iliyokwisha kufanyika. Na Michigan? Lalamiko lile alilolihifadhi wiki moja kabla akaliacha lilale. Tarehe 27 Juni wakapanda jukwaa moja yeye na Obama kwenye mji mdogo wa New Hampshire uitwao Unity, jina linalomaanisha umoja. Mji huo ulichaguliwa kwa kuwa kwenye mchujo wa Januari kila mmoja wao alipata kura 107. Ulikuwa mchezo wa kuigiza, ndiyo, lakini siasa bila maigizo kidogo haijawahi kuwapo.

Agosti kule Denver Clinton alihutubia tarehe 26. Kesho yake, wakati majimbo yakiitwa moja baada ya jingine kutaja kura zake, alisimama katikati ya wajumbe wa New York akaomba kanuni zisitishwe na Obama ateuliwe kwa sauti ya ukumbi mzima. Jina lake lilikuwa limeshatajwa rasmi kama mgombea na wajumbe wake walikuwa wameshapata nafasi ya kumpigia kura. Hilo waliojiita wakweli wa chama walilipinga, wakisema litaamsha kidonda. Mimi naona lilikuwa dawa. Mtu aliyesafiri kutoka mbali kumpigia kura mgombea wake anataka kura hiyo isikike kabla hajaombwa aisahau.

Usidhani ilikuwa hisani tupu. Kampeni ya Clinton iliacha madeni ya zaidi ya dola milioni 20, na Obama aliwaomba wachangiaji wake wakubwa wamsaidie kuyalipa, akatoa hundi yake mwenyewe ya dola 2,300, kiwango cha juu ambacho sheria ilimruhusu mtu mmoja kwa mgombea mmoja wakati ule. Clinton na mume wake walipewa nafasi za kuhutubia mkutano mkuu nyakati za kutazamwa zaidi. Mwaka uliofuata akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Mshindi alilipa, na alilipa bila kuonekana amenyang'anywa. Ukitaka kujua uaminifu kwa chama unatengenezwa na nini, tazama pande zote mbili za meza, maana watu humhukumu aliyeshindwa peke yake na kumsahau mshindi.

Nenda sasa mwaka 1980 uone upande wa pili. Rais Jimmy Carter alikuwa madarakani, Seneta Ted Kennedy akamvaa ndani ya chama. Carter alishinda chaguzi za mchujo 24, Kennedy 10, na wajumbe wa Carter walitosha na kuzidi. Kennedy hakuacha. Alikwenda hadi mkutano mkuu wa New York mwezi Agosti akitaka ibadilishwe kanuni iliyowafunga wajumbe kumpigia mgombea waliyechaguliwa kwa ajili yake, ili wawe huru kumgeuka rais. Alishindwa. Kesho yake, tarehe 12 Agosti, akatoa hotuba iliyowaliza watu ukumbini, akaahidi kwamba ndoto haitakufa kamwe. Carter akatajwa kwa kupita tu. Usiku wa mwisho Carter alisubiri jukwaani apate ile picha ambayo kila mteule huitaka, mikono ya wawili imeshikana na kuinuliwa juu. Kennedy akaja, akampa mkono, akazungukazunguka kusalimia wengine, rais wa Marekani akimfuata nyuma kama mtu anayedai nauli. Picha haikupatikana.

Novemba Ronald Reagan akashinda majimbo 44 na kupata kura 489 za majimbo, zile zinazoamua nani awe rais, dhidi ya 49 za Carter. Wengi wanasema Kennedy ndiye aliyemzamisha. Mimi hapo hujizuia. Mfumuko wa bei mwaka huo ulipita asilimia 12, na Wamarekani 52 walikuwa mateka Tehran tangu mwaka uliotangulia. Rais mwenye hali kama hiyo hata angeinuliwa mikono na malaika asingeponea. Halafu jiulize swali hili: kwa nini Kennedy alipata watu wa kumfuata? Chama kilikuwa kimeshapasuka, naye akaingia kwenye ufa. Wachambuzi wa haraka humwona mpinzani wa ndani, kisha wanaona kushindwa kwa Novemba, wanaunganisha hivyo viwili kwa uzi mmoja, na kumbe vyote viwili vimezaliwa na mama mmoja. Mwulize kaka yako kama amelifikiria hilo.

Na ni huyohuyo Reagan ambaye miaka minne kabla, Agosti 1976, aliisukuma hadi kwenye mkutano mkuu wa Kansas City vita dhidi ya Rais Gerald Ford aliyekuwa wa chama chake cha Republican. Kura za wajumbe zikawa 1,187 kwa 1,070. Alikaribia kushinda kuliko Kennedy, na aling'ang'ania kuliko Clinton, ambaye alikubali kabla hata ya mkutano mkuu. Ford alipomaliza hotuba yake ya kukubali uteuzi alimpungia Reagan, aliyekuwa amekaa juu ukumbini, ashuke jukwaani aseme neno. Reagan akashuka, akasema maneno mazuri kuhusu chama na vizazi vijavyo, mpaka wajumbe wengine wakatazamana wakijiuliza kama wamemteua mtu asiye sahihi. Ford akashindwa Novemba kwa kura chache. Reagan akawa mteule mwaka 1980, na hakuna aliyemwita msaliti.

Zipo pia mbio ambazo aliyeshindwa alikuwa na hoja ya kweli, na hapo mambo huwa magumu. Mwaka 1912 Theodore Roosevelt, rais wa zamani, alimpinga Rais Taft ndani ya Republican na kushinda majimbo mengi kati ya yale machache yaliyokuwa na kura za mchujo wakati ule. Lakini wajumbe zaidi ya 200 walikuwa wanagombaniwa, kamati ya chama ilikuwa mikononi mwa watu wa Taft, na karibu wote wakapewa Taft. Roosevelt akasema ni wizi, akatoka na watu wake, akaunda chama kipya. Matokeo ya Novemba: Woodrow Wilson wa Democratic kura 435 za majimbo, Roosevelt 88, Taft 8. Rais aliyekuwa madarakani alibaki na Utah na Vermont. Sitakuambia Roosevelt alikosea kulalamika. Ninachosema ni kwamba neno "wameiba" ndani ya chama halina breki. Ukilitamka kwa haki au bila haki, huwezi kulirudisha Oktoba ukaomba watu wasahau. Kwa hiyo anayelitamka awe na ushahidi mkononi na awe tayari kwa gharama yote, kama Roosevelt alivyokuwa tayari.

Hilo ndilo linalonipeleka kwa Sanders.

Ukilinganisha tarehe tu, Sanders alichelewa kuliko Clinton. Mwaka 2016 Clinton alitangazwa na mashirika ya habari kufikisha idadi mwanzoni mwa Juni, Sanders akamuunga mkono tarehe 12 Julai, New Hampshire. Zaidi ya mwezi. Ila katika huo mwezi alikuwa anajadiliana kuhusu ilani ya chama, na alipata mengi aliyoyataka. Kwenye mkutano mkuu wa Philadelphia yeye mwenyewe aliomba Clinton ateuliwe kwa sauti ya ukumbi, kama Clinton alivyomfanyia Obama. Kisha akazunguka majimbo kumpigia kampeni. Hatua zote tatu alizitimiza.

Na wapiga kura wake? Utafiti mkubwa wa baada ya uchaguzi ulionyesha takriban asilimia 12 ya waliompigia Sanders kwenye mchujo walimpigia Trump Novemba. Inaonekana nyingi mpaka uilinganishe na 2008, ambapo vipimo mbalimbali vinawaweka wafuasi wa Clinton waliompigia John McCain, mgombea wa Republican, kati ya asilimia 15 na 25. Wafuasi wa Clinton walihama kwa wingi zaidi kuliko wa Sanders, na Obama bado akashinda. Kwa hiyo hoja ya kaka yako kwamba ung'ang'anizi wa Sanders ulimleta Trump inapwaya. Ni kweli Clinton alipoteza Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa jumla ya kura zisizofika 80,000, na kwa tofauti ndogo hivyo unaweza kulaumu chochote: mvua, barua ya mkuu wa FBI, shirika la upelelezi, hata Sanders. Lakini sababu inayoweza kueleza kila kitu haielezi kitu.

Kilichouma mwaka 2016 kilikuwa imani kwamba mchuano haukuwa wa haki. Tarehe 22 Julai, siku tatu kabla ya mkutano mkuu, barua pepe za maofisa wa chama zilivuja na zikaonyesha baadhi yao wakimdharau Sanders waziwazi. Mwenyekiti wa chama akajiuzulu. Sanders aliposimama mbele ya wajumbe wake mwenyewe tarehe 25 kuwaambia lazima wamchague Clinton, walimzomea. Walimzomea yeye, mtu waliyekuwa wanamlilia wiki iliyopita! Hapo unaona kura za aliyeshindwa si mzigo anaoweza kumkabidhi mwenzake na kuandikiana risiti. Kiongozi anaweza kuwaelekeza wafuasi, hawezi kuwahamisha. Na kama wameshaamini wameibiwa, hata yeye anakuwa mshukiwa.

Chama kilielewa somo hilo kwa kiasi chake. Mwaka 2018 kilibadili kanuni: wale wakuu wa chama hawapigi tena kura ya duru ya kwanza pale ambapo kura yao inaweza kuamua mshindi. Sanders alipogombea tena mwaka 2020 alisitisha kampeni tarehe 8 Aprili na kumuunga mkono Joe Biden siku tano baadaye, na kambi zao zikaunda vikosi kazi vya pamoja vya sera. Biden pia alimruhusu aendelee na wajumbe ambao kwa kanuni angewapoteza kwa kuacha mbio. Jambo dogo, lakini lilitazamwa na watu waliohitaji kulitazama.

Sasa swali lako la sheria. Hakuna. Hakuna sheria ya Marekani inayomtaka aliyeshindwa amuunge mkono mshindi, na isingewezekana kuwapo, maana kauli ya kisiasa inalindwa na katiba. Kilichopo ni sheria za majimbo mengi zinazomzuia aliyeshindwa mchujo wa chama asirudi kwenye karatasi ya kura ya uchaguzi huohuo kama mgombea binafsi. Zinafanya kazi zaidi kwenye viti vya chini ya urais. Jimbo la Connecticut halikuwa na kizuizi hicho, ndiyo maana Seneta Joe Lieberman alishindwa mchujo wa useneta Agosti 2006, akagombea nje ya chama na kushinda Novemba. Alaska mwaka 2010, Seneta Lisa Murkowski alishindwa mchujo, akawaomba wapiga kura waliandike jina lake kwa mkono. Waliliandika, akashinda.

Vyama hujaribu kuziba pengo kwa viapo, na viapo vya siasa unavijua. Agosti 2015, kwenye mdahalo wa kwanza wa Republican, wagombea waliulizwa nani hayuko tayari kuahidi kumuunga mkono mteule yeyote atakayekuwa. Mkono mmoja ukapanda, wa Donald Trump. Septemba akasaini ahadi mbele ya kamera. Machi 2016 yeye na wagombea wenzake, Ted Cruz na John Kasich, wote wakarudi nyuma. Kwa mchujo wa 2024 chama kikafanya ahadi hiyo kuwa sharti la kuingia kwenye midahalo. Trump hakusaini, hakuhudhuria mdahalo hata mmoja, na akapata uteuzi.

Cruz anastahili aya yake. Trump alikuwa amemdhihaki mke wake na kumhusisha baba yake na mauaji ya Rais John F. Kennedy. Julai 2016 Cruz alipewa jukwaa la mkutano mkuu Cleveland, Ohio, akawaambia watu wapige kura kwa dhamiri zao, hakumtaja Trump kama chaguo, akazomewa hadi anashuka. Kesho yake akasema hana desturi ya kuwaunga mkono watu wanaomshambulia mke wake na baba yake. Mtu ungemheshimu kwa hilo. Septemba akamuunga mkono. Alikosa mwana na maji ya moto: waliompenda Trump walikuwa wameshamchukia, na waliompenda kwa kukataa walimwona amelegea. Kasich, gavana wa jimbo hilohilo la Ohio, hakukanyaga ukumbini na hakuwahi kumuunga mkono, na angalau msimamo wake unaeleweka ukiusoma leo.

Limebaki lile la "nasitisha". Kwa sheria za uchaguzi za taifa neno hilo halina uzito wowote wa pekee, na ndiyo uzuri wake. Anayesitisha anaendelea kuwa mgombea kwenye makaratasi, kwa hiyo anaweza kuendelea kuchangisha fedha za kulipa madeni na hajawaachia rasmi wajumbe wake. Jina lake linaweza kubaki kwenye karatasi za kura za majimbo yaliyosalia. Na mlango wa kurudi, hata kama hakuna aliyewahi kuupita na kushinda, unabaki umerudishiwa bila kufungwa. Anayetangaza kujitoa kabisa anajinyima mengi ya hayo bila kulipwa chochote.

Siku nyingine mgombea akipanda jukwaani kusitisha, msimsikilize kwa jumla, wewe na kaka yako. Sikilizeni kipi kati ya yale matatu amekifanya na kipi amekiruka. Nikki Haley, aliyempinga Trump kwenye mchujo wa Republican, tarehe 6 Machi 2024 alisitisha, akampongeza Trump na kumtakia mema, kisha akasema ni juu ya Trump mwenyewe kuzipata kura za waliomuunga mkono yeye. La kwanza na la pili, la tatu hapana. Mwezi Mei, miezi miwili baada ya kuacha kampeni, zaidi ya asilimia 20 ya wapiga kura wa mchujo wa Republican kule Indiana bado walichagua jina lake. Wiki mbili baadaye akasema atampigia Trump kura, Julai akawaachia wajumbe wake, na tarehe 16 Julai akasimama Milwaukee kumuunga mkono mbele ya chama kizima. Kutoka la kwanza hadi la tatu Haley alitumia miezi minne na siku kumi. Clinton, ambaye kaka yako anamwita king'ang'anizi, akishaona wajumbe 2,118 wa mwenzake, alitumia siku nne.